Niling'oa Masale ya Mjane kwa Ajili ya Taa Moja

Nilikosea. Nasema mapema kabla hujaanza kunitetea, maana najua wapo wenye moyo mwema watakaosema, "Maskini, alikuwa anatafuta maendeleo tu." Hapana! Nilikosea, tena nilikosea huku napiga mluzi.

Jina langu sitalitaja. Mke wangu amesema nikilitaja anarudi kwao Machame. Ya wengine nimeyabadilisha, ingawa watu wa Kikwe wakifika katikati ya habari hii watanijua tu, na watacheka upya.

Ilikuwa enzi zile za ruksa, vitu vinamwagika madukani kutoka kila upande. Nilikuwa na kibanda cha spea za magari mjini Arusha, lakini nyumbani ni Kikwe, na umeme ulikuwa haujatufikia. Redio na televisheni yangu ndogo vilitumia betri ya gari. Ikiisha, naifunga nyuma ya baiskeli, naipeleka Usa kuchajiwa, narudi nayo asidi imenitoboa suruali. Suruali zangu zote zilikuwa na matundu! Hadi mchungaji aliniita pembeni akaniuliza kama nyumbani kuna shida.

Basi mwenzangu mmoja pale kibandani akaleta paneli ya sola kutoka Namanga. Nikaichukua siku hiyohiyo. Fundi nilimkataa. Yaani mimi ninayeshinda nauza fyuzi na waya nimwite mtu aje kuniunganishia waya mbili, nyekundu na nyeusi? Kiburi hicho, ndugu yangu!

Nilikuwa na haraka pia. Binti yetu Upendo alikuwa anakaribia kupata kipaimara, na nilikuwa nimeshatamba kanisani kwamba wageni watakula chini ya taa ya umeme, muziki unalia, na hakuna jenereta.

Paneli nikaifunga juu ya paa la jiko la nje. Paa lenyewe ni fupi, nalifikia kwa ngazi ya kuchumia parachichi, na kutoka pale hadi kwenye betri waya ulinitosha. Jikoni tunapikia kuni. Hilo naomba ulishike.

Siku za mwanzo, raha tupu! Taa nyeupe, watoto wa jirani wamejaa sebuleni, mke wangu ananiita injinia. Halafu taratibu mambo yakaharibika. Taa ikawa nyekundu, picha ya televisheni ikasinyaa, na mke wangu akaacha kuniita injinia.

Nikasimama uani, mikono kiunoni, namtafuta mchawi wangu. Nikamwona! Nyuma ya jiko kulikuwa na mstari wa masale, na asubuhi kivuli chake kiligusa kona ya paneli.

Kwa asiyetoka huku Meru na Kilimanjaro nieleze kidogo. Masale ni mimea ya majani marefu ya kijani tunayoipanda mipakani, na mtu mwenye akili haigusi. Tena kwetu Wachaga, ukimkosea mtu unachukua jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama moyo unamuuma vipi.

Masale yale yalikuwa mpaka kati yangu na Mama Ndeanka. Mama huyu ni mjane, Mchaga kama sisi, na ndiye mama wa ubatizo wa Upendo. Aliyeyapanda ni marehemu mume wake, siku ile mimi na yeye tulipokubaliana mpaka, tukashikana mikono.

Ningeweza kwenda kumwomba. Nyumba yake iko palepale, ukikohoa anakusikia. Lakini nilijiambia, nikienda kwake nitakalishwa, nitaletewa chai, nitaulizwa habari za ukoo mzima hadi jua litue. Nikasubiri akaenda mazoezi ya kwaya. Nikatoka na panga na jembe. Kwa kuwa isale ukilikata linachipua tena, niliyang'oa na mizizi yake yote, nikayatupa korongoni. Na mluzi juu!

Aliporudi alisimama pale nyuma ya jiko, vitenge vya kwaya bado viko mwilini.

"Baba Upendo, mpaka uko wapi?"

"Shikamoo mama. Ni hii sola, mama. Kivuli kilikuwa..."

"Nimekuuliza mpaka."

"Mpaka si upo palepale, mama? Tunaujua."

"Tunaujua akina nani?" Hakupandisha sauti hata kidogo. "Mwenzako aliyeujua amelala pale mgombani. Nilikuwa nimebaki mimi na masale."

Akaingia ndani, akafunga mlango mchana kweupe. Jamani! Hapo ndipo nilipoelewa naonekanaje. Mwanamume mzima nimesubiri mjane atoke, nikang'oa mpaka wake. Sikuwa nataka hata shubiri ya shamba lake, naapa. Lakini nani angeniamini? Hata mimi nisingejiamini.

Kesho yake Upendo alirudi kutoka kwake macho yamevimba. Mama Ndeanka alikuwa amemwambia kwa upole kabisa kwamba anampenda, ila siku ya kipaimara hatasimama naye, kwa sababu hawezi kukaa meza moja na mtu anayemnyemelea.

"Sasa nitasimama na nani, baba?" mtoto akaniuliza. "Na taa?"

Neno hilo lilinichoma, na bado nikabisha! Nikapanda ngazi, angalau nikaone jua langu jipya linavyofanya kazi. Nikaegemea paneli kwa kiganja. Nilipokiinua, kilikuwa cheusi tii!

Ni masizi. Moshi wa kuni ulikuwa unapenya kwenye paa la jiko kutwa nzima na kutua juu ya paneli, hadi kioo kikawa kama sufuria ya makande. Nikaomba kitambaa chenye maji, nikapangusa. Nikarudi ndani, nikasubiri jioni, nikawasha taa. Nyeupe pee!

Masale hayakuwa na kosa. Kivuli kidogo cha asubuhi kilikuwa hakijanidhuru hata robo ya moshi wangu mwenyewe. Nilikaa kwenye kiti chini ya taa ile nzuri nikaona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Mke wangu akanitazama, akasema neno moja: "Isale."

Haya, isale la kutoka wapi? Nyumbani kwangu sina hata moja, nimemaliza yote! Asubuhi nikateremka korongoni. Nikayakuta yamelala pale nilipoyatupa, na majani bado mabichi. Nikachagua moja zuri, nikalifunga fundo, nikapanda nalo barabarani. Sasa, mtu mzima akionekana na isale mkononi kila anayepita anajua kuna jambo. Mzee mmoja wa kanisa akanisimamisha.

"Baba Upendo, umemkosea nani?"

"Mama Ndeanka, mzee."

"Basi mbona unatembea polepole?"

Nikakimbia, kweli nilikimbia. Nikamkuta anakamua ng'ombe. Nikapiga magoti kwenye kinyesi, nikamnyoshea isale kwa mikono miwili. Nikamweleza yote, moshi, masizi, ujinga wangu, na kwamba sikutaka shamba lake.

Akalipokea. Akaligeuza huku na huku, akalitazama kwa karibu.

"Hili umelitoa wapi?"

"Korongoni, mama."

"Kwa hiyo hili ni la kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Unaniomba msamaha kwa isale langu mwenyewe!"

Mdomo ukaanza kumcheza. Akajaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mama yule hadi ng'ombe akapiga teke ndoo! Maziwa yote chini, yeye kashika ubavu, anasema, "Nimekusamehe, nimekusamehe, niondolee magoti yako hapo, unanuka."

Halafu akafuta machozi, akawa mtu mzima tena. "Isale nimelipokea. Lakini mpaka bado uko wazi. Twende ukaniletee na mengine."

Nikayapandisha yote mgongoni. Yeye alisimama kwenye mstari ananionyesha, hapa, hapana, sogea, hapo sawa, nami nachimba. Tulipofika nyuma ya jiko akatazama juu, akaiona ile paneli.

"Na kivuli nacho kilikuwepo kweli?"

"Kidogo tu, asubuhi."

"Sasa si ungeniambia? Ningeyapunguza mwenyewe."

Ndugu zangu, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko kupiga magoti. Ilikuwa ni kikombe kimoja cha chai tu!

Siku ya kipaimara Upendo alisimama na mama yake wa ubatizo, na jioni wote walikula chini ya taa. Aliyesimulia habari ya isale kwa wageni ni Mama Ndeanka mwenyewe, kwa vitendo, na sauti ya ng'ombe akaiweka. Nilicheka mpaka nikasahau kuwasha muziki.

Nawe unayetaka kujifungia sola kwa mikono yako, nakutakia heri. Ila taa ikififia, panda upanguse kioo chako kwanza. Ukiona bado, nenda kwa jirani, keti, kunywa chai yote.

Masale yamekua, yananipita kimo. Kila mwaka yakianza kugusa paneli Mama Ndeanka anakuja mwenyewe na panga lake na kuyapunguza pale juu tu. Mimi nashika ngazi. Panga hajawahi kunipa.