Mimba ya Mama Mdogo

Nilipokuwa mtoto kule Sapiwi, mimba ilikuwa haitangazwi. Bibi yetu, mama yake baba, alituonya: "Ukiitaja kabla haijaonekana, wenye husuda wanaitoa kwa macho tu." Mimi nilimwamini kabisa, na hapo ndipo lilipo kosa langu.

Mama mdogo, mke wa pili wa baba, nilimwonea wivu sana. Ulikuwa msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia vijijini. Baba aliuza, akamletea yeye vitenge viwili, mama yangu kimoja, mimi sikupata kitu. Kisha nikamsikia mama mdogo akimnong'oneza Bibi kwamba ameshika mimba tena na anaogopa, maana ile ya kwanza ilitoka ikamwacha hana damu, kucha zimekuwa nyeupe. Niliwaza, huyo mtoto akizaliwa, mama na mimi tumekwisha.

Basi asubuhi moja, kisimani, wanawake wamejaa, nikasema kwa sauti, tena makusudi: "Mama mdogo ana mimba." Nilitaka hayo macho yamwone.

Kumbe nesi wa zahanati naye alikuwa kwenye foleni ya maji. Kesho yake akafika nyumbani, akamwambia mama mdogo:

"Mayu, mama yangu, mbona unajificha? Nyie wote mnakuja kliniki tumbo limeshafika puani."

Akaondoka naye. Mama mdogo alirudi na vidonge vya kuongeza damu, pamoja na vile vidogo vya foliki, vya kumkinga mtoto tumboni, vya kumeza kila siku. Bibi alinuna wiki nzima.

Mama mdogo akajifungua salama, mtoto wa kike. Akanishika mkono mbele ya wageni: "Bila mdomo wa huyu ningechelewa." Akampa mtoto jina langu, Minza. Tangu siku hiyo baba akiita Minza, anayeitwa ni yeye. Nilichukia, nasema kweli.

Mwezi uliopita Minza mdogo alikuja kwangu Bariadi. Ana mimba changa, na mimi ndiye wa kwanza kuambiwa, hata mumewe bado.

"Wewe dada una mdomo wa heri," akasema.

Nikampeleka kliniki. Tukiwa kwenye benchi, vidonge vyake viko mkononi, nilitaka kumwambia kwamba siku ile nilisema ili asizaliwe. Nilishindwa. Na bado namwonea wivu: jina letu ni moja, lakini yeye analibeba bila aibu.