Letisia Mlowe, fundi wa kutoa ukungu ndani ya kioo

Saa moja asubuhi, Letisia Mlowe amesimama mbele ya dirisha la chumba cha kwanza, anapuliza vidole vyake. Ni kwenye hosteli ya wageni ya misheni moja, nje kidogo ya mji wa Njombe. Nje hakuonekani kitu. Hata miparachichi iliyo karibu kabisa na ukuta imemezwa na ukungu.

Amevaa koti la mume wake, soksi mbili-mbili na viatu vya mpira. Ametoka Makambako kabla hakujapambazuka, nyuma ya pikipiki ya mwenzake wa kazi, Jastin Sanga, na mpaka sasa meno bado yanagongana. Jikoni kawekewa chai na mihogo. Hajaigusa.

"Chai itanisubiri," anasema. "Ngoja kwanza nivione vioo vyangu."

Vioo vyake ni vitano. Alivifunga hapa mwaka jana, mwezi wa sita. Ni vile wanavyoviita vioo dabo: vioo viwili kwenye fremu moja, katikati kumefungiwa hewa, ili baridi ya nje iishie huko huko. Vya zamani, vilivyoletwa na wafadhili, vilikuwa vimeingia unyevu pale katikati, mahali ambapo hata uwe na kitambaa cha hariri huwezi kupangusa.

Alipomaliza kazi ile, msimamizi wa hosteli, Sista Germana, alimwambia: "Mwanangu, tupitishe kipupwe. Nikikuta hata kioo kimoja kimelia ndani, tusilaumiane. Nisipokuta, wodi ya wazazi tutaongea."

Wodi hiyo iko ng'ambo ya uwanja, kwenye zahanati ya misheni. Ina madirisha kumi na manne, na yote ni meupe kama yamemwagiwa maziwa. Fundi mmoja kutoka mbali alishakuja akasema yang'olewe yote, yaletwe mapya. Kwa bei ya sasa, dirisha jipya la namna hiyo mpaka lifike Njombe ni kama laki sita. Misheni ikajikuna kichwa, ikanyamaza.

Leo ndiyo siku ya kukagua. Kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata Letisia imening'inia kwenye vioo vitano.

Sista Germana anaingia na funguo zake, kajifunga shuka la kimasai juu ya vazi la utawa.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, Sista. Mmeamkaje?"

"Tumeamka tumeganda." Sista ni mzaliwa wa Manda, kule Ludewa, kando ya Ziwa Nyasa, na kila mtu hapa anajua kwamba miaka yote aliyokaa Njombe hajaizoea baridi yake. "Kwetu dirisha ni la kuingizia upepo. Huku mnalifunga kama benki."

"Hii nayo baridi, Sista?" anadakia Jastin kutoka mlangoni. Yeye ni Mkinga wa Makete, na Wakinga wanasifika kwa biashara. "Njoo kwetu Kitulo uone. Ng'ombe mwenyewe anaomba koti."

"Na wewe ungemuuzia," Letisia anamjibu bila kugeuka. "Tena kwa bei ya jumla."

Wanacheka wote watatu, halafu kicheko kinakatika. Letisia ameshika pindo la kitenge. Anapangusa kioo kwa upande wa chumbani, mara moja, kutoka juu kwenda chini. Kinang'aa. Unyevu wote ulikuwa huku ndani, ni pumzi za mgeni aliyelala.

"Cha kwanza kizima," anasema Sista.

Huo mpangusho ndio shule yake yote. Letisia, mwenye umri wa miaka thelathini na sita na mama wa watoto watatu, hatajii mtu bei kabla hajapangusa. Ukungu ukiwa upande wa chumbani, kioo hakina ugonjwa. Wenye chumba ndio wabadilishe mambo. Ukiwa upande wa nje, vilevile usihangaike. Ukibaki palepale baada ya kupangusa pande zote mbili, basi gundi ya pembeni imeachia na hewa yenye maji imeingia. Hapo ndipo kuna kazi.

Mwaka jana aliitwa hapa aje kubadilisha vioo kumi na viwili. Alipangusa vyote. Saba havikuwa na tatizo lolote.

"Nikamuuliza Sista, mashuka mnaanika wapi? Akasema, mwezi wa sita Njombe nguo haikauki nje, kwa hiyo tunaanika kwenye vyumba visivyo na wageni. Nikacheka. Nikamwambia, Sista, dirisha lako halijaharibika, linakunywa maji ya mashuka yako!"

Huku Njombe jambo hilo ni la kila nyumba. Kipupwe kikiingia, nguo inaanikwa siku tatu na bado ina ubaridi, basi watu wanatundika kamba chumbani, wanafunga madirisha, halafu asubuhi wanalalamika kioo kinatoa jasho. Kwa vile vioo saba Letisia alichukua nauli tu, akaelekeza kamba zihamishiwe kwenye kibanda cha nyuma ya jiko, kwenye joto la tanuri la mikate.

"Jastin alininunia wiki nzima," anasema.

"Si kununa," Jastin anajitetea. "Mtu kakupa kazi kumi na mbili, wewe unamrudishia saba! Mimi niliona huyu mama katumwa kutufilisi."

Chumba cha pili, kizima. Cha tatu, kizima. Sista sasa anafungua milango tu.

Letisia hakuzaliwa kwenye vioo. Alikuwa fundi cherehani huko kwao Kitandililo, anashona sare za shule na magauni ya kipaimara. Nguo za mitumba na sare za dukani zilipomnyang'anya wateja, shemeji yake mwenye karakana ya alumini pale Makambako akamwomba amsaidie kupima, kwa sababu vijana wake walikuwa wanamtia hasara.

"Kupima nilikuwa najua. Ila kitambaa ukikikata kifupi unaunga kiraka, unaweka ua juu yake, mteja anakusifia. Kioo hakina kiraka. Ukikosea umekosea."

Na alikosea. Kazi yake ya kwanza ya vioo dabo alipewa na mwalimu mstaafu, hapahapa Njombe mjini. Ili asisafirishe mzigo, akaunganisha vioo palepale uani kwa mwalimu, asubuhi na mapema, mwezi wa saba. Alisafisha, akapanga, akaziba kwa silikoni, akafunga dirisha likapendeza. Baada ya siku chache baridi ilipokolea, kioo kikawa cheupe katikati, kizuri kabisa, kama kimechorwa.

Alikuwa ameufungia ukungu wa Njombe ndani ya dirisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Wakaniimba mji mzima. Nikipita sokoni nasikia, 'Letisia, leo unauza ukungu kilo bei gani?'" Anacheka mpaka anashika kiuno. "Nilikirudia kile kioo kwa hela yangu. Mwalimu hakuniomba. Ni mimi nilishindwa kupita mtaa ule."

Tangu hapo ana sheria zake. Vioo vya Njombe haviunganishwi Njombe. Anaviunganisha Makambako, mji wa upepo, mchana, jua likiwa limeshakausha kila kitu. Punje za kukausha unyevu, zile kama za kwenye boksi la viatu vipya, kopo likifunguliwa linatumika siku hiyo hiyo. Zilizobaki hazirudi kwenye dirisha la mtu. Na siku ya kuziba, hakuna kuchemsha chai karakanani. Jastin anasema hiyo ndiyo sheria inayouma kuliko zote.

Sababu ya vile vioo vya wafadhili kufa aliijua stendi ya Makambako, siku alipompokea mdogo wake kutoka Dar es Salaam. Mdogo wake alikuwa na pakiti ya krispi ambayo haijafunguliwa, imevimba, imekaza kama ngoma.

"Nikamuuliza, mbona imejaa hivi? Akasema kila akija huku zinavimba, basi likianza kupanda mlima tu. Nikasimama pale na begi lake kichwani. Nikasema, kumbe! Vile vioo vimezibwa kule chini pwani, vikapandishwa huku juu. Navyo vimevimba. Gundi imechoka kushikilia."

Ndiyo maana kioo kilichozibwa Makambako kinadumu zaidi huku. Hakijapandishwa kutoka mbali, kimezaliwa jirani.

Kuhusu gharama, Letisia hana siri. Wapo wanaotoboa kioo tundu dogo, wanakausha ndani kwa hewa, wanaziba, wanachukua elfu arobaini. "Mwezi mmoja unafurahi, wa pili umerudi." Kubadilisha kioo tu na kuiacha fremu ileile ndiyo kazi yake. Kwa vile vitano vya hosteli alitoza laki moja na nusu kila kimoja. Vifaa na usafiri vilikula karibu yote.

"Kutaja bei kulikuwa kunanitia aibu," anasema taratibu. "Naangalia chini, nataja ndogo, halafu kabla mteja hajajibu nampunguzia mwenyewe."

"Hapo ndipo nilipotamani angekuwa Mkinga," anasema Jastin.

Chumba cha nne, kizima.

Chumba cha tano kiko mwisho wa korido, upande wa bondeni, kwenye baridi kuliko vyote. Sista anafungua mlango na kusimama. Dirisha ni jeupe. Si madoa tu, ni lote, kona kwa kona.

Letisia anatembea mpaka dirishani, anashika pindo la kitenge, anapangusa. Kitenge kinarudi kikavu. Ukungu uko palepale. Anapangusa tena, kwa nguvu zaidi, ukungu hautikisiki.

"Mwanangu," Sista anaanza, kwa sauti ile ya kumpa mtu pole.

"Bado, Sista." Letisia anaukandamiza mkono kwenye kioo. "Bado upande mmoja. Jastin! Zunguka nje!"

Viatu vya Jastin vinasikika vikikimbia koridoni, kisha vinatokomea nje. Letisia hajaondoa mkono kwenye kioo. Midomo yake inachezacheza, labda sala, labda hesabu.

Halafu ghafla, katikati ya weupe, linatokea jicho. Kisha pua. Kisha Jastin mzima, anafuta kwa mkono wa sweta huku amewatolea ulimi wote wawili. Kila anapopitisha mkono, kioo kinabaki angavu na safi kama maji ya kisima, na nyuma yake, ukungu wa nje ukiwa umepungua, inaonekana miparachichi.

"Umande wa nje!" Letisia anapiga kofi. "Sista, ni umande wa nje! Unajua maana yake? Joto la chumba halitoki. Kioo cha nje kimebaki na ubaridi kama jiwe, ndiyo maana umande umekikalia. Hiki kinafanya kazi kuliko vyote!"

Sista Germana anakisogelea, anakigusa kwa kiganja, anakaa hivyo kidogo. "Kweli hakina baridi," anasema. Kisha anageuka na kumvuta Letisia kifuani na koti lake lote. "Ulitaka kuniua, binti wewe. Twende ukanywe chai yako."

Jikoni, Letisia anakula mihogo vipande vinne. Sista anamwambia mambo yalivyo. Yeye amesharidhika. Lakini wodi si hosteli, hela yake inaidhinishwa na kamati, na kamati inakaa leo mchana.

"Nitumie bei kwenye simu kabla hawajakaa. Bei yako, fundi. Usinitumie huruma."

Mchana, kabla kamati haijakaa, Letisia yuko Makambako, kwenye karakana yake na Jastin. Ni chumba cha kupanga, sakafu ya udongo, na upepo unapiga mabati. Anasema akipata kazi hii atasakafia, kwa sababu vumbi ni adui wa gundi, na atachukua wasichana wawili wa Kitandililo waliomaliza cherehani na kukosa wateja. "Mkono wa kupima wanao tayari. Mimi nitawafundisha kuogopa kioo."

Anaandika ujumbe, anafuta. Anaandika tena. Jastin anachungulia begani.

"Laki na nusu tena? Mama, utakufa maskini umezungukwa na vioo visafi."

Anafuta. Safari hii anaandika kwa kidole kimoja, polepole, anausoma kwa sauti, bila ile aibu ya kuangalia chini:

"Sista, tumsifu Yesu Kristo. Madirisha ya wodi ni kumi na manne. Kubadilisha vioo ni laki mbili na elfu kumi kwa kila dirisha. Humo kuna vifaa, usafiri na ufundi wetu. Kikiingia ukungu ndani ya miaka mitano narudi kukibadilisha bure. Sipunguzi. Letisia Mlowe, fundi."

Anatuma. Tiki ya kwanza inatokea, kisha ya pili.

"Umeandika 'sipunguzi'," Jastin anasema, kama haamini.

"Nimeandika."

Anaegesha simu kwenye meza, kioo juu, aione. Jua limeshapanda na upepo ni mkavu. Ni saa yenyewe ya kuziba. Letisia anafungua kopo jipya la punje.

Mpaka tunaondoka karakanani, jioni, tiki zilikuwa bado za kijivu; Sista hajausoma ujumbe.