Chupa Aliyoileta Baba Mkwe

Mzee aliingia darasani bila kupiga hodi.

Hakuna aliyemjua. Vumbi lilimjaa mpaka kwenye nyusi, suruali kaifunga kamba miguuni isinaswe na mnyororo wa baiskeli. Mkononi alishika chupa ndogo iliyoviringishwa kitambaa.

"Nani hapa anaitwa Wegesa?"

Wegesa akasimama. "Ni mimi, mzee. Shikamoo."

Hakuitikia. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya mwalimu, akaiweka ile chupa taratibu kama anaweka yai.

"Huu ni mkojo wa mkamwana wangu. Nimeubeba mwenyewe. Upimeni."

Darasa zima likaangua kicheko.

"Mzee, umepotea, posta iko kule mbele!" Clementi akadakia, na kicheko kikaongezeka.

Wegesa hakucheka. Lafudhi ya mzee ilikuwa ya Butiama, upande aliozaliwa yeye, na alijua. Kwao baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani hata mkono. Mmoja akija, mwingine anapisha njia. Sasa mzee mzima abebe mkojo wa mkamwana wake, mchana kweupe, aje auseme mbele ya vijana?

Hafanyi hivyo mtu ambaye nyumbani kwake ni salama.

Wegesa ni bibi yangu, mzaa mama. Mwaka huo wa sabini na sita alikuwa anasomea uuguzi Musoma. Alikuwa amebakiza mtihani wa mwisho tu, na ulikuwa kesho yake asubuhi.

Turudi nyuma kidogo.

Boke, yule mkamwana, aliletwa wodini akiwa mifupa na macho. Bibi harusi wa juzi tu. Anakunywa maji hamalizi kiu, anakojoa usiku kucha, na nyama zinamwisha mwilini kama sabuni. Sukari.

Mume wake, Silasi, alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda. Alikuja kumwona mara moja moja, akipewa ruhusa ya siku moja, kisha akarudi kazini.

Sista Justina, mwalimu wao, akamgeuza Boke kuwa somo.

"Kuna njia mbili za kupanga insulini," akawaambia. "Ya kwanza, kipimo kimoja kila asubuhi, hakibadiliki. Ya pili, unapima mkojo kwanza. Unaudondoshea kwenye dawa ya bluu, unachemsha, unaangalia rangi. Ukibaki bluu, sukari hakuna, huchomi. Kijani, kidogo. Chungwa, zaidi. Mwekundu kama tofali, unachoma nyingi. Haya, nani anatetea ipi?"

Clementi akachukua ya kwanza. Wegesa ya pili.

"Yangu haina maneno," Clementi akatamba. "Asubuhi, sindano, kwaheri."

"Na siku mgonjwa hajala?"

"Si ale!"

"Kwenu kijijini wanakulaga wakitaka, eti? Siku ya kupalilia pamba ya kijiji, uji mnaupata saa ngapi wewe?"

Darasa likamzomea Clementi. Akakaa.

Na kweli, wodini njia ya Wegesa ilikwenda vizuri mno. Tofali likawa chungwa, chungwa likawa kijani. Boke akaanza kuota mashavu.

"Dada, leo nimekupa rangi gani?"

"Kijani."

"Subiri Jumapili nikupe bluu, ushone gauni la kanisani."

Wakawa marafiki, wanasukana nywele kila jioni.

Siku ya kuruhusiwa, Wegesa akampa maelekezo. Kila asubuhi achukue mkojo kwenye chupa, aupeleke zahanati ya kijiji. Dawa itakaa kwenye friji la mafuta ya taa palepale. Mganga atachemsha, ataangalia rangi, atachoma kufuatana na rangi.

"Utaweza?"

Boke akainamisha kichwa. "Nitaweza, dada."

Basi la Butiama likaanza kuleta salamu. Kondakta anashuka, anapiga kelele getini: "Sista Wegesa! Zahanati wanasema bluu!" Siku iliyofuata, bluu. Tena bluu. Mganga akasimamisha sindano, dawa ikarudishwa hospitali Musoma.

Wegesa akawanunulia wenzake karanga.

"Haya, mama rangi," Clementi akasema huku anatafuna. "Umenishinda."

Sasa turudi darasani, kwa mzee na chupa yake.

Sista Justina naye hakuwa amecheka. Aliwasha taa ya spiriti, akadondosha mkojo kwenye neli ya kioo yenye dawa, akaiweka juu ya moto.

Bluu haikukaa. Ikapita kijani, ikapita chungwa, ikatulia kwenye wekundu wa tofali.

Hakuna aliyecheka tena.

"Haiwezekani," Wegesa akasema. "Zahanati wamepima jana tu!"

Mzee akavua kofia. Jina lake, akasema, ni Mwikwabe.

"Binti, chupa waliyopima haikuwa ya kwake."

"Ya nani?"

"Ya mjukuu wangu mdogo. Njia ya kwenda zahanati inapita mbele ya nyumba yangu. Asubuhi mimi nakaaga pale nje naota jua. Mkamwana atapitaje mbele yangu na chupa ya mkojo wake? Aliona haya. Ya mtoto haina aibu, basi akawa anabeba ya mtoto. Leo amezidiwa ndiyo kamweleza mama mkwe wake."

Akaitazama ile neli.

"Angeniambia, ningehama hata hicho kiti. Lakini angeniambiaje? Hatusemeshanagi."

Wegesa aliikumbuka siku ya kuruhusiwa.

Alimuuliza Boke kama ataweza. Hakumuuliza atapita wapi.

Gari la hospitali lilikuwa safarini. Daktari akaamuru Wegesa atangulie na dawa, gari likirudi litawafuata. Wakapata lori la ushirika, baiskeli ya mzee ikarushwa juu ya magunia. Insulini aliitia kwenye chupa ya chai yenye maji baridi, akaipakata njia nzima.

Boke walimkuta amelazwa kwenye benchi la zahanati. Alikuwa anavuta pumzi ndefu, za haraka, kama aliyetoka kukimbia. Pumzi yenyewe ilinukia tunda lililoiva kupita kiasi. Wegesa alijua harufu ile inasema nini: mwili umekosa insulini mpaka damu imegeuka sumu.

Akachoma. Akatundika maji. Akachoma tena.

Mchana Boke akafumbua macho.

"Dada. Nimekudanganya na bluu."

"Nyamaza, upumzike."

"Ulikuwa unafurahi sana nikakosa pa kusemea."

Wegesa akamlowesha midomo kwa maji.

"Silasi alisikia kifo cha kaka yake redioni," Boke akaendelea, neno moja moja. "Kantini. Watu wanakula. Alilia mbele ya watu wanaotafuna. Mimi nisitangazwe hivyo kabla hajajua. Umwambie wewe, kwa mdomo."

"Hutakufa."

"Ahidi tu, dada. Kwani inakusaidia nini kukataa?"

"Naahidi."

Jua lilikuwa bado kali alipokata roho.

Mzee Mwikwabe alikuwa nje, mbali na mlango, kama desturi inavyotaka. Aliposikia kilio alikuja hadi kizingitini, akasimama. Kisha akaingia. Wanawake waliokuwa ndani wakampisha kwa mshangao. Akavua koti lake, akamfunika mkamwana wake miguu, akatoka.

Gari la hospitali lilifika jioni, na Clementi ndani yake. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshatuma mtu posta, taarifa iende redioni isomwe kesho mchana.

"Panda twende," Clementi akasema kwa upole. "Mtihani kesho."

Wegesa akamgeukia dereva. "Petroli inafika Bunda?"

"Sista, hii inafika Musoma, na hapo tumwombe Mungu."

Wegesa akarudi nyuma hatua moja. "Nendeni."

"Utapoteza mwaka mzima!" Clementi akashuka. "Wegesa, sikiliza. Usijitese. Hata njia yangu ingemuua. Siku za palizi, sindano ileile, tumbo tupu, angeanguka shambani."

"Najua."

"Nimwambie nini Sista Justina?"

"Mwambie nimeahidi."

Clementi alilia yeye kwanza. Gari likaondoka.

Bibi alinieleza kwamba baadaye Sista Justina hakumlaumu. Alimkalisha akamwambia neno ambalo kwenye somo halikutajwa: kijana mwenye sukari kama ile hasimamishiwi insulini kabisa, hata rangi iwe bluu. Rangi ilipaswa kupunguza dawa, si kuifuta. Na rangi ya leo inasimulia sukari ya jana. Ndiyo maana siku hizi tunachanganya: ipo dawa ya kila siku isiyokosekana, ipo inayofuata chakula, ipo inayorekebisha.

Mimi nimemaliza uuguzi mwaka huu. Wenzangu mnaosoma, jifunzeni njia zote, zilinganisheni, bishaneni darasani mpaka mkauke makoo. Lakini kabla hujaandika uniti hata moja ya insulini, muulize mgonjwa anaamkaje. Anakula saa ngapi. Anapita mbele ya nani. Anaona haya ya nini. Mkikosa kuuliza hayo, njia bora itampima mtu mwingine, si mgonjwa wako.

Kesho yake, wenzake walipokuwa wanaingia kwenye chumba cha mtihani, Wegesa alikuwa juu ya lori la mihogo, njia ya Bunda.

Alifika kiwandani vibarua wakijipanga kwa chakula.

"Ndugu mlinzi, niitie Silasi. Haraka, tafadhali."

Silasi akatoka mbio, nywele zimejaa nyuzi za pamba, sahani mkononi.

"Dada Wegesa! Karibu! Boke hajambo? Mbona hukuja naye?"

Nyuma yake, kantini, mtu alikuwa anaongeza sauti ya redio. Taarifa ya habari ilikuwa inaisha.

Wegesa akamshika mkono, akamtoa pale mlangoni, wakazunguka mpaka nyuma ya marobota ya pamba ambako hakuna anayekula wala anayetazama. Akaichukua ile sahani, akaiweka chini.

"Silasi, mdogo wangu. Kaa."

Akamwambia. Kwa mdomo wake, neno kwa neno, bila kukwepa macho yake.

Redio ilipoanza kusoma majina ya marehemu, Silasi alikuwa tayari amelala mapajani kwa Wegesa, analia mahali ambapo hakuna aliyemwona.