Nilimwambia Simu Inalia, Kumbe Laini Imekufa

Assalamu alaykum admin, na nyote mnaosoma. Naomba jina langu lifichwe. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, nina wajukuu, na swala sikosi. Lakini kuna jambo nimelibeba tangu miaka ya tisini, na kila nikisujudu nalia.

Wakati huo nilikuwa opereta wa simu Garsen. Mbele yangu palikuwa na ubao wa taa, kila laini na taa yake. Taa ikizimika, laini imekufa. Mteja alisimama nyuma ya kaunta, haoni kitu. Bosi alituonya: "Mambo ya mitambo si ya mteja. Ukimwambia laini mbovu atatuletea kelele. Sema inalia, hawapokei." Nikatii. Kazi zilikuwa adimu.

Jirani yangu, nitamwita Mama Amina, alikosana na bintiye Amina kwa sababu binti aliolewa Hola bila idhini ya mamake. Aliposikia Amina ni mjamzito na miezi imetimia, moyo wake ukalainika, akaja kumpigia ampe radhi. Taa ya Hola ilikuwa imezimika. Nikamwambia, "Inalia, mama. Hawapokei."

Akacheka. "Huyo tangu utotoni ukimwita mara moja haitiki! Piga tena."

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu akainama juu ya kaunta. "Hebu nizunguke nami niuone huo ubao, mwanangu. Una hakika inalia?"

Ningemwacha tu azunguke, wallahi. Nikasema, "Inalia."

Akajifunga leso vizuri. "Basi amenikataa. Na radhi yangu simpi."

Wiki ile ile Amina akafa kwa uzazi. Mamake hakwenda hata matangani.

Sasa ni mzee, macho hayaoni, mimi ndiye ninayempikia uji. Nikimwomba amsamehe marehemu, hunijibu, "Siku tatu nilimpigia. Si wewe shahidi yangu?" Nami huendelea kukoroga uji.

Nishaurini ndugu zangu. Nikisema, atajua alimnyima mwanawe radhi bure, na naogopa moyo wake hautahimili. Nikinyamaza, Amina yuko kaburini bila radhi ya mamake, kwa uongo wangu mimi. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni tu, nikae naye vipi, nianze na neno gani?