Isaka Hakuwa Pacha

Mwaka niliobeba mimba yangu ya kwanza, mama yangu naye alibeba. Kwetu Newala hilo ni jambo la aibu: binti akishaanza kuzaa, mama anatakiwa apumzike alee wajukuu. Mama, ambaye sauti yake kwenye kwaya ilikuwa ikizima zote, akaacha kwaya, akaacha kwenda sokoni, akajifungia ndani kama mtu aliyeiba mbuzi. Baba alikuwa anatembea kifua mbele. Nilimwonea huruma mama, lakini baba nilimcheka.

Nilijifungua binti. Siku chache baadaye mama akapata mvulana. Akanitazama, akasema kwa utulivu kabisa, "Tutasema umezaa mapacha."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Kwa desturi yetu, mwenye kumpa mtoto jina ni mjomba. Kaka yake mama, katekista kule Chiungutwa, alifika kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akampokea mvulana, akasema, "Isaka."

Mama alikuwa anaijua vizuri habari ya Sara aliyemzaa Isaka uzeeni. Akawaka. "Kaka, unataka watu wanicheke kila wakimwita?"

"Kwa Kiebrania jina lenyewe maana yake ni anacheka," mjomba akamjibu. "Sara alipoambiwa atazaa, alicheka kimoyomoyo pale mlangoni pa hema. Alipoulizwa, akakana, akasema hakucheka. Kicheko alikikana, mdogo wangu. Mtoto hakumkana."

Mjomba akauliza kama kuna ugali, maana safari ilikuwa ndefu.

Bado nilikuwa nimejiandaa kuwa mama wa mapacha. Kisha maji ya bomba, ambayo kwetu ni adimu, yakatoka, na maji yakitoka Newala hakuna anayeweza kujificha. Tukaenda bombani na ndoo zetu, kila mmoja na mtoto mgongoni. Mwanamke mmoja kwenye foleni akaniambia, "Hongera, mwanangu. Mapacha hao?"

Nikafungua mdomo. Mama akaweka ndoo chini.

"Aliyebebwa na binti yangu ni mjukuu wangu. Huyu nimemzaa mimi. Anaitwa Isaka."

Kina mama kwenye foleni wakaangalia ndoo zao, wamebana midomo, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Aliyeanza kucheka alikuwa mama, kwa sauti yake yote ya kwaya.