Giaboksi ya Lomenen

Hilaire alifika gereji kwangu Kakuma mwaka 1997, amevaa koti la harusi, spana zake ziko ndani ya mfuko wa unga. Alikuwa fundi wa magari Bukavu kabla vita havijamtoa kwao na kumleta kambi ya wakimbizi hapa Kakuma. Nilimpa kazi shingo upande, maana mimi Ereng sipendi mtu anayejua kunishinda, na huyu alijua. Kila nati aliyoifunga aliikagua mara tatu, mpaka nikatamani kumtupia nyundo.

Lomenen, mfanyabiashara wa mbuzi anayeishi mbele ya kijiji cha Lopur, alikuwa mteja wangu wa siku nyingi. Risasi ya wezi wa mifugo ilimkausha mguu wa kushoto, basi klachi alikuwa akiisukuma kwa fimbo. Sifanyi utani, niliona kwa macho yangu. Pikapu yake iliinuliwa springi, ikavishwa matairi ya lori na vyuma vya kuzuia miiba. Ili aachane na fimbo nilimfungia giaboksi ya otomatiki iliyotoka kwenye gari dogo la mjini, nikajisifu Kakuma nzima. Haikumaliza mwaka. Ilichemka ikafa katika mchanga wa mto mkavu, mkewe yuko nyuma na uchungu wa kujifungua. Mama alipona, mtoto hakupona.

Mwaka 1998 mke alikuwa na mimba tena. Lomenen akaja, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, fundi. Hii mara nipatie gia yenye nguvu. Bibi yangu asikufe kwa mchanga."

Tulichomoa giaboksi kubwa kwenye gari la mizigo lililopinduka karibu na Lodwar, Hilaire akiwa na kibali cha kutoka kambini cha siku tatu tu. Kisha alifanya kazi wiki mbili. Alikata chuma cha chini akachomelea kingine, akafupisha shafti, akatumia mabomba ya friji mbovu kupoza mafuta ya gia. Tulipoijaribu kwenye mchanga wa mto Tarach, pikapu ilipanda ukingo kama mbuzi. Nilifurahi, na wivu ulinikaba pia.

Kisha Hilaire akadai betri mpya, Lomenen akaileta.

"Ndugu Ereng," Hilaire akaniambia, "hii motokari habasukumake. Otomatiki bila betri iko maiti, hata basukume haiwake."

Nikamcheka. Kwetu nani alijali betri? Gari uliliegesha kwenye mteremko, na penye tambarare watu walijitokeza wenyewe, wakasukuma, ukaachia klachi, ukaenda zako. Ile otomatiki yangu ya kwanza haikuwahi kuishiwa betri, basi nikaona huyu anajidai tu.

"Turkana watu ya kusukuma hawajaisha," nikamjibu.

Ulikuwa wakati wa Kombe la Dunia, na redio yangu haikuwa na moto. Hilaire alipokwenda kambini kupokea mgao wa chakula, niliichukua ile betri mpya nikaifunga kwenye redio. Lomenen nikamwekea kuukuu, iliyokuwa na nguvu za kuwasha siku ile. Akaondoka akipiga honi.

Siku ya tisa, alfajiri, mkewe alishikwa na uchungu. Pikapu haikuwaka. Boma zima lilitoka, wanaume kwa wanawake, wakasukuma tangu jua linachomoza hadi adhuhuri, mama amelala nyuma juu ya ngozi. Ile giaboksi haikuwa na kosa lolote, ila magurudumu yalizunguka bure bila kuigusa injini. Wao walidhani hawajasukuma vya kutosha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba walizidi kuita watu. Hatimaye mmoja alitumwa Kakuma kwa miguu. Gari lingine lilipopatikana, mama na mtoto walikuwa wamekufa.

Siku ya nne baada ya msiba lori liliikokota pikapu hadi gereji. Lomenen alishuka na ndugu zake.

"Nani alifunga hii gari?"

Hilaire alikuwa ameshafungua boneti. Aliiona betri, akageuka akanitazama. Alinipa nafasi, na nafasi ilitosha kabisa. Nikatazama chini.

"Ni miye nilifunga," Hilaire akasema.

Walimpiga mbele yangu hadi jino likatoka. Wakampeleka kambini, wakamwonya asikanyage mjini tena.

Siku hizi hutengeneza baiskeli za wakimbizi wenzake mlangoni pa kibanda chake. Nikipita hunisalimia na kuniuliza hali ya watoto wangu. Afadhali angenitukana.

Lomenen naye huniletea pikapu kila mwezi. Hamruhusu fundi mwingine hata kubadilisha mafuta. Wiki iliyopita alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ereng," akasema, "ni wewe tu naamini."

Nikamwambia ahsante.