Waumini wa Kamina walivyonisema vibaya ili nisihamishwe

Wakuu, amani kwenu.

Ninaandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mtanivumilia. Nina zaidi ya miaka tisini, ni pasta mstaafu wa Kimethodisti, na shule nilisoma kidogo tu. Haya yalinipata kweli. Daftari langu la wakati ule liko hapa kando ya simu. Pale ambapo daftari halisemi kitu nitawaambia, msije mkanishika uongo.

Nimeona humu uzi wa ndugu mmoja analalamika kwamba wakubwa wa kanisa wamemhamisha pasta wao bila kuwauliza. Komenti zote ni matusi kwa wakubwa.

Nikasema ngoja. Wakubwa nawajua. Lakini na waumini nawajua.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Kamina, huko Katanga, Kongo. Kanisa letu lilikuwa dogo, upande wa gare, yaani stesheni ya treni. Treni ikipita katikati ya mahubiri unanyamaza, watu wanakohoa, inaisha, unaendelea.

Kwa wasiojua: kwetu pasta hachagui pa kufanya kazi. Kila mwaka kuna mkutano mkuu, na siku ya mwisho askofu anasoma majina. Fulani, Kaniama. Fulani, Luena. Unasikia pale pale kwenye benchi, na mke wako anasikia pale pale. Muhogo uliopanda atakula pasta mwingine.

(Ni haki. Mimi nilipofika Kamina nilikula muhogo wa mtu.)

Sasa, kabla yangu kanisa lile lilikuwa limepoteza mapasta watatu mfululizo. Kila mara waumini waliandika rapport (taarifa kwa askofu) ya sifa: pasta wetu ni hodari sana. Na kila mara askofu akaona vizuri, basi hodari huyo aende kanisa kubwa.

Mimi nilikuwa bado pasta wa majaribio. Mwaka ule nilitarajia kuwekewa mikono. Bila hiyo sikuruhusiwa kubatiza wala kugawa Meza ya Bwana. Watoto wetu walimngoja superintendenti, mzungu mpole aliyesimamia makanisa ya eneo zima, naye alifika mara chache. Kuna mtoto mmoja alifika kwenye ubatizo wake akitembea kwa miguu yake.

Niliwahurumia watoto wale. Lakini nilitaka pia kuitwa pasta kamili, na nilitaka watu waone. Daftari linasema hivyo, na mwandiko ni wangu.

Mkutano wa mwaka ule ulifanyika kwetu Kamina. Wageni walilala katika nyumba za waumini, akina mama walipika nje ya kanisa.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama mbele ya mapasta wote. Superintendenti akafungua rapport ya kanisa langu, iliyoandikwa na katibu na mjumbe wetu Papa Kabamba (kwetu papa ni mzee), fundi wa reli, mtu wa heshima. Akasoma:

"Pasta wetu anahubiri muda mrefu, watoto wanalala, wazee nao wanalala. Kuimba hajui. Akitembelea mgonjwa anakaa mpaka bukari iive. Hafai kanisa kubwa. Tunaomba abaki hapa kwetu. Tutamvumilia."

Wakuu, bukari ni ugali wetu.

Nikaulizwa nina la kujibu. Mtu mwingine angekana yote. Mimi nikaanza kupima moja moja, maana niliona si haki kukana jambo ambalo huenda ni kweli.

Nikasema: "Ya kuimba ni kweli. Ya mahubiri, nadhani nusu ni kweli. Ya bukari, nakumbuka mara moja, lakini mvua ilikuwa inanyesha."

Watu wakacheka. Superintendenti hakucheka. Akaniambia nitoke nje wajadiliane, na akaongeza kwa upole kwamba si aibu kungoja mwaka mwingine.

Huko nje nikasimama karibu na masufuria. Mama Numbi, kiongozi wa akina mama wetu, alikuwa anasonga bukari. Akaniangalia.

"Pasta, weye unalia?"

"Ni moshi, Mama."

"Moshi inaenda kule."

Nikamweleza yaliyosomwa. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Kabamba aliandika vile? Tulimwambia aandike mubaya kidogo tu!"

"Mlimwambia nani? Nyinyi nani?"

"Sisi bote. Ba pasta batatu balienda juu ya sifa. Tukasema huyu wa sasa, tumufiche."

Sikujua nicheke au nikasirike. Nikauliza kitu cha kijinga: "Sasa Mama, katika yale yaliyosomwa, uongo ni upi?"

Mama Numbi akafikiri. Akafikiri muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Ile ya bukari," akasema. "Weye haukule mingi."

Kisha akaacha utani. Akaniuliza watafanya nini na mimi, nikamwambia: mwaka mwingine bila kuwekewa mikono, labda miwili. Akajifuta unga mikononi.

"Minyi nitaingia niseme kweli. Lakini nikisema, batakubeba sawa bale batatu. Unajua?"

Nilijua.

Alisimama pale ananitazama, kama anangoja niseme: acha, Mama. Daftari lina neno moja tu hapo: nilinyamaza.

Akaingia. Hakuwa mjumbe, hakuomba ruhusa.

"Ba papa, munisamehe. Ile rapport haiko ya kweli. Huyu muntu iko muzuri. Tulimusema vile juu tusimupoteze. Bale batatu tulibalilia bazima sawa bamekufa."

Papa Kabamba akainuka mwenyewe bila kuitwa, kofia mkononi.

"Ni kweli. Bote balikubali, lakini 'tutamvumilia', ile niliongeza minyi mwenyewe."

Hapo hata superintendenti alicheka. Askofu, kupitia mkalimani, akasema uongo ni uongo na kanisa letu liutubu. Kisha akasema hajawahi kuona kanisa lililokosa kwa namna ile, na mimi nitawekewa mikono Jumapili.

Baadaye, siku hiyo hiyo, akasoma majina. Mimi: Bukama.

Kwa haki niseme hakukosea. Bukama walikuwa hawana pasta kabisa, na wavuvi wa kule walikuwa wameomba miaka mingi.

Mama Numbi alikuwa mlangoni. "Ona," akasema kwa sauti kila mtu asikie, "ulimi yangu njo imekupandisha treni!" Watu wakacheka, naye akacheka, halafu akajifunika uso kwa kitambaa.

Jumapili asubuhi niliwekewa mikono. Mchana ule ule nikabatiza watoto wote waliokuwa wanangoja, na mjukuu wa Mama Numbi akiwemo. Papa Kabamba alishika beseni. Akaninong'oneza: "Fupisha, Pasta, maji inapoa."

Jumatatu mimi na mke wangu tukaondoka.

Somo nililopata ni hili. Wakubwa wanaamua kwa karatasi tunazowaandikia sisi, kwa hiyo kabla ya kuwatukana tujiulize tuliandika nini. Nimehubiri jambo hilo mara nyingi, watu wameitikia amina.

Lakini kwangu mwenyewe linabaki lingine. Kanisa lile lilikuwa tayari kusema uongo ili linishike, na mama mmoja akaamua kunipoteza ili nipate haki yangu. Mimi nilitakiwa kusema neno moja tu, na nilinyamaza kwa sababu niliitaka ile Jumapili.

Ungekuwa wewe, ungemzuia Mama Numbi? Na je, alistahili kuachiwa uamuzi ule peke yake?

Semeni wazi bila kunionea haya. Kwa umri huu hakuna tena wa kunihamisha, isipokuwa Mmoja, na huyo hasomi rapport za katibu.